Haijauzwa, Haikuuzwa, Sijui

Hotuba niliyoitoa Mtwara mjini mbele ya vijana wanaojifunza kuandika programu, pamoja na makarani wa vyama vya msingi waliokubali mwaliko wetu. Nimeiandika hapa karibu kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wangu, makarani na viongozi wa vyama vya msingi mliotoka Nanyamba, Kitangari na Tandahimba, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama kwa kukosa viti: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie zana ya kompyuta ambayo nimekuwa nikiitengeneza kwa miezi saba sasa. Kazi yake ni moja. Wakala wa akili mnemba anayeshughulika na masoko ya hisa anapotaka kujua oda zake, yaani maagizo yake ya kununua au kuuza, zipi hazijatimia, anaiuliza zana hii, nayo inamjibu. Haiweki oda wala haifuti oda. Inaangalia, kisha inasema ilichokiona. Najua yuko mtu humu anajiuliza kama jambo hili linatosha kuwakusanya watu Jumamosi nzima. Naomba mnivumilie nianzie kwa mama yangu.

Mama analima korosho Newala. Msimu ukifika anaanika, anachambua, anajaza magunia na kuyapeleka chama cha msingi. Karani anapima, anaandika, anampa karatasi. Korosho zinakwenda ghala kuu, na mama anarudi nyumbani kusubiri mnada. Kuanzia siku hiyo mpaka fedha zinapoingia, ana swali moja tu, na makarani mlio humu mmeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko salamu: "Zangu zimeuzwa?"

Karani mkweli ana majibu manne. Zimeuzwa. Hazijauzwa, yaani ziko ghalani zinasubiri mnada unaofuata. Hazikuuzwa, yaani zilipelekwa mnadani, bei ikatajwa, wakulima wakaikataa. Na la nne: sijui, orodha haijanifikia kutoka chama kikuu.

Mama anaweza kuishi na kila moja kati ya majibu hayo. Akiambiwa hazijauzwa, anakopa sukari dukani na kusubiri. Akiambiwa hazikuuzwa, anajua wiki hii hakuna fedha. Akiambiwa sijui, anapanda gari na kwenda kuuliza mbele zaidi. Kilichomuumiza miaka iliyopita ni karani aliyekuwa hajui lakini akajibu "hakuna kitu chako hapa" ili foleni iishe. Mama alirudi nyumbani akiamini gunia zake zimepotea. Jioni ile ile mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa nje ya mfumo, akapita na mizani yake na fedha taslimu, na gunia mbili zilizokuwa zimebaki chini ya kitanda zikaondoka kwa bei ambayo hata leo hataki kuitaja.

Zile za ghalani zilikuwepo. Ziliuzwa siku tisa baadaye.

Nataka mlishike hilo, maana zana yangu yote imetoka hapo. Hasara ya mama haikusababishwa na bei mbaya ya mnada. Ilisababishwa na jibu lisilo la kweli kuhusu kitu ambacho bado hakijauzwa.

Huku kwetu tumekuwa na mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2005. Tumeona mengi ndani yake. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi mnadani, na tarehe 12 Novemba mwaka huo Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuzibeba. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kwa hiyo nikisema "oda inayosubiri sokoni", watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Gunia lililo ghalani ambalo mwenyewe amesema silitoi chini ya bei fulani, kwenye soko la hisa la New York au la Dar es Salaam linaitwa oda ya kikomo. Umetaja kiasi, umetaja bei, unasubiri. Huenda ikatimia yote, huenda ikatimia nusu, huenda isitimie kabisa.

Sasa wakala. Makarani, mkisikia neno hili msifikirie kibanda cha kutolea fedha. Wakala wa akili mnemba ni modeli ya lugha, ya aina ile mnayoongea nayo kwenye simu, iliyopewa zana za kufanyia kazi. Unamwambia "ninunulie hisa kumi za kampuni fulani bei ikishuka hapa". Anachagua zana, anaiita, anasoma majibu, anaamua hatua inayofuata. Siku hizi zana hizo zinaunganishwa kwa utaratibu uitwao MCP, uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, ili zana moja iweze kutumiwa na mawakala tofauti bila kuandikwa upya kila mara.

Tatizo la wakala huyu ni kumbukumbu. Ukifunga mazungumzo na kufungua mengine, hajui alichofanya jana isipokuwa ameandikiwa mahali au ameuliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu ni mfanyakazi anayeamka kila asubuhi bila daftari. Oda aliyoiweka jana iko hai sokoni, yeye hana habari nayo. Ukimwambia "hakikisha tuna hisa kumi", ataangalia hisa zilizomo kwenye akaunti, aone hazipo, na kuweka oda nyingine. Usiku bei inashuka, zote mbili zinatimia, unaamka na hisa ishirini.

Nililipia somo hili kwa fedha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kudonoa. Kesho yake, Jumatatu, nilikuwa na programu yangu ya kwanza, imeunganishwa na dalali mmoja wa nje. Soko la New York lilifunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu. Programu ikatuma oda ya hisa kumi. Jibu halikurudi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeiandikia kwamba jibu lisiporudi ndani ya sekunde kumi, itume tena. Ikatuma tena. Ikatuma mara ya tatu. Oda zote tatu zilikuwa zimefika. Kilichokuwa kinapotea njiani ni majibu, si oda.

Fedha ile ilikuwa ya bati za nyumba ya mama. Nilikaa masika yaliyofuata nikisikiliza mvua, na kila nilipokwenda Newala nilitazama zile sufuria zilizotegwa chini ya matobo. Hakuniuliza kitu. Ndipo nilipoacha kuandika programu za kununua, nikaanza kuandika programu ya kuuliza.

Msidhani yanawapata wanaoanza tu. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, moja ya kampuni kubwa za kupitisha oda za hisa nchini humo, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa kazi ya dakika 45. Walikuwa wanaweka programu mpya kwenye seva zao nane. Moja ikasahaulika, ikabaki na msimbo wa zamani ambao haukuwa ukitumika kwa miaka mingi, na siku hiyo ukaamshwa. Msimbo ule ulikuwa unavunja oda kubwa kuwa vipande vidogo na kuvituma sokoni mpaka kiasi kitimie. Lakini mwaka 2005 sehemu ya kuhesabu kiasi kilichokwisha kutimia ilihamishwa. Kwa hiyo ulituma, vipande vikatimia, na wenyewe haukujua. Ukatuma tena. Oda 212 za wateja zikazaa miamala zaidi ya milioni nne kwenye hisa za kampuni 154.

Vijana, nawaomba mrudi kusoma habari hiyo taratibu mkifika nyumbani. Watu wengi huisimulia kama habari ya seva iliyosahaulika, na ni kweli. Mimi nikiisoma naona kitu kingine: mashine iliyokuwa inatuma bila kuuliza "ya kwanza imefikia wapi?"

Turudi kwenye zana. Kwanza inahesabu kilichobaki. Masoko yana lugha yao ya kuwasiliana, FIX, iliyoanza mwaka 1992, na ndani yake kila taarifa ya oda inabeba namba tatu: kiasi kilichoagizwa, kiasi kilichotimia, kiasi kilichobaki. Nimewaona waandishi wa programu wakimpa wakala neno moja tu, "hai". Hai kivipi? Oda ya hisa kumi ambayo nane zimeshapatikana ni hai. Oda ya hisa kumi ambayo haijapata hata moja ni hai pia. Wakala anayesoma neno hilo peke yake anaamua kama kipofu. Zana yangu inarudisha namba zote tatu, na inakagua kwamba zinajumlishika. Zisipojumlishika inasema hivyo waziwazi, haichagui iliyo nzuri.

Pili, kufuta. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuomba oda ifutwe si kufutwa kwa oda. Ombi linasafiri. Likiwa njiani, mnunuzi anaweza kutokea na oda ikatimia. Kwa dakika au sekunde hizo oda iko katikati: imeombewa kifo lakini ingali inapumua. Ni sawa na mkulima aliyetuma mtoto kwa karani aseme "za baba zisiingie mnadani leo". Mtoto yuko kwenye baiskeli, mnada umeshaanza. Baba aliyekaa barazani hawezi kwenda kuuza gunia zile zile kwa mtu mwingine kwa kuwa tu amemtuma mtoto. Zana inaiita hali hiyo "inasubiri kufutwa", na inamhesabia wakala kiasi chake kama oda iliyo hai, kwa sababu ni hai.

Tatu, orodha kamili. Milango ya programu ya madalali huwa haitoi oda zote kwa mara moja. Alpaca, kwa mfano, usipotaja idadi inakupa 50, na hata ukitaja haizidi 500 kwa ombi moja. Mwenye oda 60 anapokea 50 zilizopangwa vizuri, hakuna kosa lolote lililoandikwa, na wakala anaamini ameona zote. Kwa hiyo zana inaendelea kuvuta mpaka mwisho, au inasema: hizi ni sehemu tu.

Kuhusu ufunguo, yaani namba ya siri ambayo programu inaitumia kuingia kwa dalali, sitasema mengi. Utoe wenye ruhusa ya kusoma peke yake. Ufunguo ukiibiwa, mwizi ataona oda zako, hataweza kuuza kitu. Na majina: kila oda ipe namba yako mwenyewe kabla haijaondoka, na ukirudia kutuma tumia namba ile ile. Dalali anayekagua namba hizo akiona inajirudia atakataa. Ningelijua hilo Mei ile, bati zingekuwa juu ya paa.

Kuna jambo la saa ambalo watu wa nje hawalioni, ninyi mtaliona mara moja. Mtu wa Mtwara akimwambia wakala "niwekee oda saa kumi na nusu", anamaanisha jioni, soko la New York linapofunguliwa. Modeli iliyofunzwa zaidi kwa lugha nyingine inaweza kusoma 10:30 ya asubuhi, ambayo kwetu ni saa nne na nusu. Kisha kuna oda za siku moja, zinazokufa soko linapofungwa. New York hufunga saa tano usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa sita usiku wakati wa baridi yao, kwa sababu wao wanasogeza saa, sisi hatusogezi. Unaamka asubuhi, oda haipo kwenye orodha. Imetimia? Imekufa? Ukiuliza "zipo oda zilizo hai?" utaambiwa hakuna, na jibu hilo ni la kweli, ila halikusaidii. Ndiyo maana zana inaandika saa kwa mfumo mmoja wa dunia na pembeni yake saa ya Mtwara, na ikiombwa inaeleza pia oda zilizotoka kwenye orodha tangu mara ya mwisho na sababu ya kila moja kutoka.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonichukua miezi mitatu kati ya hiyo saba. Ni neno "hakuna".

Zana ya kwanza niliyoiandika, mtandao ukikatika, ilirudisha orodha tupu. Sikukusudia. Ombi lilishindwa, msimbo ukalimeza kosa, orodha ikabaki kama ilivyoanza, bila kitu. Wakala akasoma orodha tupu, akatafsiri: hakuna oda inayosubiri, njia nyeupe. Akaenda kuweka oda mpya. Ni yule karani wa mama kabisa. Hajui, lakini amesema hakuna kitu chako hapa.

Siku moja nikiwa kwenye basi la kwenda Lindi nilikuwa nasikiliza abiria wawili nyuma yangu wakibishana habari ya ufuta. Mmoja anasema haukuuzwa, mwingine anasema haujauzwa, na walibishana kutoka Mtama mpaka Mnazi Mmoja. Nikagundua kwamba hawabishani juu ya maneno. Aliyesema haukuuzwa alikuwa anasema mlango umefungwa. Aliyesema haujauzwa alikuwa anasema mlango uko wazi. Lugha yetu imeweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, silabi moja tu, "ja", na mtoto wa miaka minne hakosei. Haijafika. Haikufika. Mimi nimesoma programu kwa vitabu vya lugha nyingine, na humo nilikuta oda zote zisizotimia zimetiwa kapu moja. Zile zinazosubiri na zile zilizokataliwa, zilizofutwa na zilizokwisha muda wake, zote zinaitwa kwa neno moja: hazina utimilifu. Wakala anayesoma neno hilo hawezi kujua kama asubiri au aanze upya. Na hayo ni maamuzi mawili yanayopingana.

Nikafungua kompyuta pale pale kwenye basi. Nikaandika upya majibu ya zana yawe manne, kwa Kiswahili, na tafsiri ikafuata baadaye. Imetimia. Haijatimia, pamoja na kiasi kilichobaki. Haikutimia, pamoja na sababu. Sijui, pamoja na saa ya mwisho niliyoweza kuona. Hilo la nne wakala haruhusiwi kulipita. Maelezo ya zana, ambayo ndiyo wakala anayasoma kabla ya kuitumia, yanasema hivi: "Jibu likiwa sijui, usiweke oda mpya juu ya jambo hilo. Uliza tena, au mwulize mwenye akaunti."

Mwalimu wangu mmoja aliponiona nimeandika hivyo aliniambia zana inayosema sijui itaonekana dhaifu, watu hawataitaka. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini hapa niseme kwa sauti: sikubaliani naye. Mama yangu alimtaka sana karani wa namna hiyo, akamkosa.

Sikuja hapa kuwashawishi mfanye biashara ya hisa za mbali. Asiuze mtu mkorosho wake kwa ajili ya hotuba hii. Niliyoyasema yanahusu kitu chochote kinachosubiri mahali ambapo hukioni, na mkoa huu umejaa vitu vya namna hiyo.

Basi maneno yatoshe, tuone.

(Hapo nilimwita binti mmoja wa mstari wa mbele. Akaunti iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa ya majaribio, fedha zake si za kweli. Nilimwomba achomoe waya wa mtandao chini ya meza, kisha amwandikie wakala kwa maneno yake mwenyewe. Aliandika: "Kama zile hisa kumi za jana hatujazipata, agiza kumi nyingine." Ukumbi mzima ulisoma jibu: "Sijui hali ya oda ya jana. Niliiona mara ya mwisho saa 4:12 asubuhi kwa saa ya Mtwara, zikiwa zimetimia hisa 4, zimebaki 6. Sitaagiza nyingine mpaka nipate jibu kutoka sokoni.")

Mzee mmoja karani kutoka Tandahimba alinyanyua mkono. Aliuliza kama kitu hiki kinaweza kusoma namba ya stakabadhi na kumjibu mkulima habari ya gunia zake.

Nikamwambia: "Hakijaweza, mzee wangu."

Akachukua kalamu, akaniandikia jinsi namba za stakabadhi zinavyopangwa kwenye daftari lao, safu kwa safu, na safu gani huwa inachelewa kujazwa. Jumatatu naenda ofisini kwake.